Kalamu ya Karani: Padre Hayupo, Bwana Yupo



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo nalisikia mara kwa mara katika vigango vyetu, na labda hata wewe umepata kulisema. Jumapili asubuhi kengele inalia. Baba amesimama uani, amekwisha kuoga na kuvaa shati lake safi. Anamwuliza mtoto: "Padre amefika?" Mtoto anajibu: "Hapana, Baba, yupo Katekista tu." Basi baba huvua shati, hulitundika ukutani, hushika jembe au huelekea kilabuni. Ukimwuliza sababu, atakuambia: "Leo hakuna Misa. Hakuna kitu."

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, lakini kazi yangu leo ni kuandika vitabu vya Ubatizo, vya Ndoa na vya mazishi, na kupanga safari za mapadre vigangoni. Kwa hiyo hesabu ya jambo hili naijua vizuri. Chukua parokia yenye mapadre wawili na vigango kumi na vinne, na njia zenye mito isiyo na madaraja wakati wa masika. Padre akifika kwenu mara moja kwa mwezi, amejitahidi sana. Mwaka una Jumapili 52. Mkipata Misa 12, zinabaki Jumapili 40. Je, katika Jumapili hizo 40 Bwana wetu huwa amehama kigangoni kwenu? Je, Yeye huja juu ya pikipiki ya Padre, na Padre akiwasha pikipiki jioni, huondoka naye?

Ukiliuliza hivyo, kila Mkristu atajibu: La, sivyo! Lakini matendo yetu ya Jumapili yanajibu: Ndivyo. Hapo ndipo penye hatari. Mtu akizoea kusema "hakuna kitu" Jumapili 40 kwa mwaka, baada ya miaka michache hata ile siku ya Misa ataiona kuwa siku kama siku nyingine. Wahenga walisema: Asiyekuwapo machoni, na moyoni hayupo. Neno hilo ni kweli kwa wanadamu. Tutazame kama ni kweli kwa Kristu.

Injili ya Mtakatifu Mateo inamalizika kwa ahadi. Bwana aliyefufuka alikutana na mitume wake kumi na mmoja mlimani, huko Galilaya, akawatuma kwa mataifa yote, kisha akawaahidi kwamba atakuwa pamoja nao kila siku hata mwisho wa dunia. Angalia sana watu aliowaambia. Mwinjili hafichi kwamba wengine wao walikuwa na mashaka. Hawakuwa na kanisa la matofali wala fedha. Na ahadi yenyewe haikuwa ya siku za sikukuu tu. Ni ya kila siku. Basi Jumatatu ya kupalilia imo. Usiku wa kuuguza mtoto umo. Na zile Jumapili 40 zimo pia.

Utauliza: Anakuwa nasi kwa namna gani, maana macho hayamwoni? Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano walitujibu katika hati yao juu ya Liturjia, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Walifundisha kwamba Kristu yumo katika sadaka ya Misa, ndani ya Padre anayeitoa, na hasa katika maumbo ya Ekaristi Takatifu. Yumo kwa nguvu yake katika Sakramenti, hata mtu anapobatiza, Kristu mwenyewe ndiye abatizaye. Yumo katika Neno lake, kwani Maandiko Matakatifu yanaposomwa kanisani, ni Yeye anayesema. Na yumo Kanisa linaposali na kuimba, kama alivyoahidi kwamba watu wawili au watatu wakikusanyika kwa jina lake, Yeye atakuwa katikati yao. Naye Papa Paulo VI, katika barua yake ya tarehe 3 Septemba 1965 juu ya Ekaristi Takatifu, alikumbusha tena kwamba Kristu yumo katika Kanisa lake linapotenda matendo ya huruma.

Sasa tuyapime hayo pale kigangoni. Jumapili isiyo na Padre, Misa haipo. Hilo ni kweli, nasi tunalisikitikia. Lakini Neno lipo, linasomwa na Katekista wako, yule unayemwita "Katekista tu." Watu wawili watatu wapo, na kwa kawaida ni zaidi ya hao. Waliobatizwa wapo. Mgonjwa wa kutembelewa yupo nyumba ya pili. Basi uliyesema "hakuna kitu," umehesabu vibaya.

Mambo hayo si maneno ya vitabuni tu. Yalipimwa na watu wa kwetu, kandokando ya ziwa letu kubwa, hata kwa moto.

Tarehe 17 Februari 1879 Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Uganda pamoja na Bruda Amans. Walikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Wenzao wakawafuata mwaka huohuo. Tarehe 27 Machi 1880, Jumamosi Kuu, wakabatiza watu wa kwanza. Lakini mambo yakawa ya mashaka katika nchi ya Kabaka Mutesa, na mnamo Novemba 1882 mapadre wote wakaondoka. Wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza.

Nyuma yao walibaki Wakristu wachache, nao walikuwa wachanga bado katika imani. Yosefu Mukasa Balikudembe na Andrea Kagwa walikuwa wamebatizwa tarehe 30 Aprili 1882, yaani miezi isiyofika saba kabla ya hapo. Matia Mulumba na Luka Banabakintu walibatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 28 Mei mwaka uleule. Hao ndio waliokuwa wazee wa Kanisa! Hapakuwa na Misa, wala Kitubio, wala Komunyo, wala mafuta ya wagonjwa. Hakuna aliyeweza kuwaambia mapadre watarudi lini, au kama watarudi kabisa.

Ndugu msomaji, kama wao wangekuwa na desturi ya kusema "hakuna kitu," habari yao ingekwisha hapo. Lakini Yosefu Mukasa, aliyekuwa mtumishi katika jumba la Kabaka, aliwakusanya vijana wa jumbani akawafundisha na kusali nao. Andrea Kagwa alifundisha watu, akawahudumia wagonjwa. Matia na Luka walishika sala huko Mityana, kama kilometa 70 kutoka mahali ulipo mji wa Kampala leo. Mambo yakaenda hivyo kwa muda wa miaka miwili na miezi minane. Mutesa alifariki mnamo Oktoba 1884, Mwanga akashika kiti, na mnamo Julai 1885 mapadre wakarudi. Walikuta nini? Walikuta Wakristu wako imara, na watu wengi wapya waliofundishwa dini na wenzao, wanangojea Ubatizo.

Ni nani aliyefanya kazi hiyo, wakati Padre hayupo? Mama akienda kulala usiku hufunika moto kwa majivu. Mgeni akipita jikoni atadhani umezimika. Lakini alfajiri mama hufukua majivu, hupuliza kidogo, na moto uleule wa jana hupika uji wa watoto. Mapadre walikuwa Bukumbi, ng'ambo ya ziwa. Bwana alikuwa Uganda.

Kisha yakaja mateso. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa kwa amri ya Mwanga. Usiku wa siku ileile Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi yake ya kuwaongoza vijana wa jumbani, alibatizwa. Mwezi Mei mwaka 1886 hasira ya Kabaka iliwaka tena huko Munyonyo. Karoli alijua kwamba asubuhi watahukumiwa. Kati ya vijana wake walikuwamo wanne ambao hawajabatizwa: Mbaga Tuzinde, Gyavira, Mugaga, na Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Padre hakuweza kuitwa. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 26 Mei, Karoli akatwaa maji, akawabatiza kwa mkono wake mwenyewe.

Tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto huko Namugongo, Karoli na wenzake, pamoja na Wakristu wenzao wa Kianglikana. Padre hakuwapo karibu na moto ule. Je, wajua siku ile ilikuwa siku gani katika Kanisa? Ilikuwa Alhamisi ya Bwana Kupaa Mbinguni, sikukuu ambayo twakumbuka Bwana alivyoondoka machoni pa wanafunzi wake bila kuwaacha yatima. Matia Mulumba alikuwa amekwisha kufa siku chache kabla yao, amekatwa viungo, ameachwa kichakani peke yake. Nasema "peke yake" kama macho yanavyoona.

Tarehe 18 Oktoba 1964, huko Roma, Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa Watakatifu. Wale wanne waliobatizwa na Karoli wamo. Kanisa halikusema kwamba Ubatizo wao una upungufu kwa sababu mkono uliomwaga maji haukuwa mkono wa Padre. Mkono ulikuwa wa Karoli. Aliyebatiza alikuwa Kristu.

Labda mtu atasema: Miaka miwili na miezi minane ni muda mfupi, mtu aweza kuvumilia. Basi sikia habari ya Japani. Mwaka 1614 watawala wa nchi ile waliipiga marufuku dini yetu. Mapadre walifukuzwa au kuuawa, na baada ya mwaka 1644 hakubaki hata mmoja wa kuwahudumia waamini. Wakristu wakajificha. Katika kila kijiji chao mtu mmoja alifundishwa kubatiza, naye akamfundisha mwingine baada yake, na mwingine akaishika hesabu ya sikukuu. Zaidi ya miaka 200 ikapita. Tarehe 17 Machi 1865 watu wachache wa kijiji cha Urakami walimwendea Padre Petitjean, Mfaransa, katika kanisa jipya la Oura mjini Nagasaki, wakamnong'oneza kwamba imani yao na yake ni moja, kisha wakauliza iko wapi sanamu ya Bikira Maria. Tena walijua kwamba wakati ule ulikuwa wa Kwaresima! Babu wa babu zao hawakupata kumwona Padre. Nani aliyewashika mkono miaka yote hiyo?

Sasa nirudi ofisini kwangu. Mwaka fulani, wakati wa masika, alikuja baba mmoja wa kigango cha mbali. Alitembea tangu usiku, na miguu yake ilikuwa na matope hata magotini. Hakutaka kuketi. Alisema mtoto wake wa siku tisa alishikwa na homa kali, mto ulikuwa umejaa, Padre hangeweza kuvuka wala wao hawangeweza kumvusha mtoto kwenda zahanati. Bibi jirani, mama mzee asiyejua kusoma, alitwaa maji katika kikombe akambatiza. Alfajiri mtoto akafa. Yule baba aliniuliza neno moja tu: "Bwana Karani, unahesabiwa? Au mtoto wangu amekwenda hivihivi?"

Nikamwita Padre. Padre akamketisha, akamwuliza mambo matatu. Je, bibi alimwagia mtoto maji hasa? Ndiyo, kichwani. Je, alipomwaga alisema kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu? Ndiyo, baba mwenyewe alisikia. Je, bibi alikusudia kufanya lile Kanisa linalofanya? Ndiyo, ndiyo maana aliitwa. Basi Padre akanigeukia, akasema: "Andika."

Nikafungua kitabu cha Ubatizo. Nikaandika jina la mtoto, la baba na la mama, tarehe, jina la kigango, na mahali pa mbatizaji nikaandika jina la bibi yule. Yule baba hakujua kusoma, lakini aliinama akatazama wino mpaka ulipokauka. Kisha akavaa kofia yake akaondoka kwenda kuwaambia wa nyumbani. Tangu siku ile, nikisikia mtu akisema "Padre hayupo, hakuna kitu," nalikumbuka jina lile kitabuni.

Lakini hapa yafaa nimjibu msomaji mwerevu, maana najua yupo. Atasema: "Bwana Karani, kama Kristu yupo Jumapili zote, basi Misa ya nini? Nitasali nyumbani, au hata shambani." Ndugu yangu, watazame tena wale Waganda. Mapadre waliporudi, Matia na Luka hawakusema kwamba wamezoea kukaa bila Misa. Walitoka Mityana kwa miguu, mwendo mrefu, kwenda kuipata. Mtu anayekaa karibu na moto hutamani chakula kinachopikwa juu yake. Hakuna namna nyingine ya Kristu kuwa nasi inayolingana na Ekaristi Takatifu, ambamo yumo mzima, Mwili na Damu, Roho na Umungu wake. Sala ya Jumapili isiyo na Padre inapaswa kutuongezea njaa ya Misa. Kama inatuondolea njaa hiyo, tujue kwamba tumeisali vibaya.

Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inatuongoza wazi. Ikiwa Misa haiwezekani kwa sababu Padre hayupo, au kwa sababu nyingine nzito, waamini wanahimizwa sana kushiriki ibada ya Neno kanisani, au kusali kwa muda wa kutosha, mtu peke yake, au pamoja na jamaa yake, au jamaa kadhaa pamoja. Haikusema warudi kutundika mashati yao.

Basi tufanye nini? Nitasema mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Wewe Baba wa nyumba, kengele ikilia Jumapili, toka na jamaa yako yote bila kuuliza kwanza kama Padre amefika. Watoto wanajifunza dini kwa kutazama miguu ya baba yao inakokwenda. Masomo yanapotangazwa, kaa kimya usikilize kama mtu anayesomewa barua ya mzazi wake. Ukitoka hapo, wakati wa Komunyo ungalifika kama Misa ingalikuwapo, mwambie Bwana kwa maneno yako mwenyewe kwamba unatamani kumpokea, na aje moyoni mwako kwa neema yake. Hiyo ndiyo Komunyo ya tamaa, na watakatifu wengi waliipenda.

Wewe Mama, wafundishe watoto wakubwa na jirani zako namna ya kubatiza mtu aliye katika hatari ya kufa. Maji, maneno na nia: mambo matatu tu. Baadaye pelekeni habari kwa Katekista na ofisini ili jina liandikwe. Msichelewe, wala msione haya kwa sababu ya matope miguuni.

Ninyi vijana mlio na nguvu, baada ya sala ya Jumapili gawaneni nyumba za wagonjwa na wazee. Mzee asiyeweza kutembea anakaa mlangoni asubuhi nzima akisikia nyimbo kwa mbali. Mkimwendea na kumsalimu, kumchotea maji na kusali naye Baba Yetu moja, mmekwenda kwa Kristu mwenyewe, maana Yeye alisema waziwazi kwamba lile tunalomtendea mdogo wao tumemtendea Yeye.

Na sisi sote tumwache kumwita Katekista "tu." Anaacha shamba lake, anatayarisha masomo usiku kwa taa, na mara nyingi analipwa shukrani kidogo. Mheshimuni, msaidieni kupalilia, mwambieni asante.

Mwisho, tusiache kuwaombea watoto wetu wito wa upadre. Mashahidi wale 22 walikuwa watu wa miji na vijiji kama vyetu, na mavuno ya damu yao ni mapadre wengi wa Kiafrika tulio nao leo. Huenda Padre atakayekuja kigangoni kwenu kila Jumapili anachunga mbuzi sasa hivi nyuma ya nyumba yako. Akikuona unakwenda sala hata siku ambayo Padre hayupo, atajua mapema nani tunayemwendea.

Jumapili ijayo, basi, kengele ikilia, twende.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.

Ni mimi,
Karani wenu wa Parokia